Kikundi cha mtaa, Tanga: tunawahudumiaje wazee bila kumgawia kila mmoja mfuko uleule?

BintiNgamiani

Wakuu, heshima kwenu. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana wachache, mtaa mmoja wa Ngamiani Kusini. Tuna orodha ya wazee 31, wote miaka 60 na kuendelea. Mpaka leo huduma yetu ni ya msimu: Ramadhani na Idi tunapeleka mchele, sukari, sabuni na kanga, Krismasi vivyo hivyo kwa wale Wakristo, basi, hadi mwakani.

Tunataka huduma ya mwaka mzima inayomwangalia kila mzee kivyake. Watu wa kujitolea tuko 9, mfuko ni mdogo, ofisi hatuna. Naomba msaada kwa haya:

1. Tunaanzia wapi?
2. Tunajuaje nani anahitaji nini bila kuwahoji watu wazima kama wako kituo cha polisi?
3. Wale wasiotoka ndani kabisa (waliopooza, wasioona, wanaosahau) tunawaingizaje?
4. Ni marekebisho gani ya nyumbani yanayowezekana kwa hela kidogo?

Majibu ya vitendo tafadhali. Hotuba za "wazee ni hazina" tumeshazisikia.

---

MdauUstawi

Binti, anzeni na hiyo orodha yenyewe. Imetoka wapi? Kama ni ya waliofika kuchukua sadaka, basi ni orodha ya wenye miguu na wenye mtu wa kuwatuma. Ambao hasa mnawatafuta hawamo.

Pitieni nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe, na swali la mlangoni liwe hili: "Humu analala mtu yeyote aliyezaliwa kabla au karibu na Uhuru?" Sema *analala*, usiseme "familia hii ina mzee?" Ukiuliza familia, wanasahauliwa wapangaji wa vyumba vya uani, shangazi asiye na mtoto aliyehifadhiwa tu, na mfanyakazi aliyezeekea humo humo. Umri usiwatese. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini aliyezaliwa kabla ya Desemba 1961 ameshavuka 60, na aliyekuwa ameanza shule lilipotangazwa Azimio la Arusha 1967 hahitaji hoja nyingine.

Mlangoni hapohapo msiulize "una ulemavu?" Mzee atakujibu "ah, uzee tu huu mwanangu" na utaandika hapana. Ulizeni mambo sita, moja moja: anapata ugumu kuona hata akivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kutulia kwenye jambo? Kuoga na kuvaa mwenyewe? Kuelewana na watu kwa mazungumzo? Majibu ni manne: hapana, kiasi, mkubwa, hawezi kabisa. Mwenye "mkubwa" au "hawezi" hata kwenye moja anakwenda juu ya orodha. Haya ndiyo maswali mafupi ya Washington Group yanayotumika kwenye sensa na tafiti nchi nyingi, hamna haja ya kubuni yenu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Ziara mbili kwa kila mzee, dakika 40 zisizidi. Nendeni wawili, mmoja azungumze, mwingine asikilize. Ziara ya kwanza msitoe karatasi kabisa. Swali moja linatosha kufungua: "Siku yako inakwendaje, tangu alfajiri?" Mwacheni aitembeze siku yake hadi usiku. Humo mtasikia nani anateka maji, choo kiko wapi, anakula saa ngapi na nani, usiku anaamka mara ngapi. Mtasikia pia asiyoyasema, kwa mfano chakula cha mchana kinaporukwa kwenye simulizi kila mara.

Ziara ya pili mnauliza manne:

- Nini unakifanya mwenyewe na hutaki kufanyiwa?
- Nini kimekuwa kigumu?
- Nini ulikuwa unakipenda na umekiacha?
- Nani ungependa aje kwako, na nani asije?

La nne watu wengi wa huduma hulisahau, na ndilo linalovunja mipango. Huku kwetu mwanamke mtu mzima hataogeshwa na kijana wa kiume, hata awe mjukuu, na yuko sahihi. Mjane aliye eda anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Kwake waende wanawake tu, na msimwandike kwamba "hashiriki shughuli".

Baada ya hapo, karatasi moja kwa kila mzee. Mfano:

*Anataka:* kurudi kwenye darsa la Jumatano.
*Kinachozuia:* ngazi ya baraza, goti la kulia, haoni vizuri jioni.
*Nani na lini:* kijana wa jirani amfuate saa tisa alasiri. Fundi aweke mshikio kabla ya tarehe 15. Mama fulani ampeleke kliniki ya macho.
*Tutaangalia tena:* baada ya wiki nne.

Karatasi asomewe yeye, akubali au abadilishe. Nakala moja ibaki kwake.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni mtoto wa mzee kujibu kwa niaba yake. Mwambieni mtoto huyo kwa adabu, "naomba nimsikie bibi mwenyewe, wewe nitakuja kwako baada yake." Mlezi naye ana ya kwake, msikilizeni kando. La pili: kikundi chenye mchele hurudi na orodha ya wenye njaa. Kwa hiyo kwenye ziara hizi mbili msibebe kitu chochote cha kugawa.

Hesabu yenu: watu 9 ni jozi nne na mmoja wa kuandika na kupanga. Kila jozi ziara mbili kwa wiki ni ziara nane. Wazee 31 mara mbili ni ziara 62, yaani wiki nane hivi. Msikimbie. Baadaye mtagundua si wote wanaohitaji ziara za kila wiki. Wengine mara moja kwa mwezi na simu inatosha, na wachache watataka siku tatu kwa wiki.

---

ZamuYaUsiku

Nakubaliana na MdauUstawi. Naongezea upande wa afya. Haya si ya kupima ugonjwa, ni ya kujua nani apelekwe kwa mtaalamu. Yanatoka kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma kwa wazee, na mtu wa kujitolea aliyefundishwa anaweza kuyafanya:

Kumbukumbu. Mtajie maneno matatu, kama ua, mlango, mchele. Muulize leo ni tarehe gani na hapa ni wapi, kisha arudie yale matatu.

Mwendo. Kiti imara kisicho na mikono, kiegemee ukuta. Mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Zikizidi sekunde 14, miguu imepungua nguvu na hatari ya kuanguka ipo. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au asiyesimama salama asifanyishwe.

Lishe. Amepungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia? Hamu ya chakula ipo? Mizani haipo? Tazameni nguo na pete zilivyolegea. Msisahau kinywa, maana mzee asiye na magego anapikiwa muhogo mkavu na kuambiwa "hapendi kula".

Macho. Kuona mbali na kusoma karibu. Mtoto wa jicho unafanyiwa upasuaji na mtu anaona tena. Usikubali jibu la "macho yameisha".

Masikio. Simama pembeni nyuma yake umbali wa mkono, azibe sikio la pili, nong'oneza maneno manne ayarudie. Kila sikio peke yake. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba tu. Iondolewe zahanati, si kwa njiti ya kiberiti.

Moyo wake. Wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Amepoteza raha ya vitu alivyovipenda?

Aliyeshindwa sehemu yoyote, aende kituo cha afya. Kinachozidi hapo, rufaa itampeleka Bombo, hospitali ya mkoa. Na asiende peke yake. Mtu wa kumsindikiza ndiye huduma kubwa kuliko nauli, kwa sababu maelekezo ya dawa yanapotelea kati ya dirisha la dawa na nyumbani. Msindikizaji aandike dawa, kiasi na saa kwa saa za Kiswahili ("saa mbili asubuhi"), herufi kubwa. Karibu na Ramadhani, mwenye sukari au presha akamwone daktari *kabla* ya mfungo haujaanza ili apangiwe dozi. Wengi hujipangia wenyewe na kuanguka wiki ya kwanza.

---

Fundi_Chumbageni

Swali la nne ni langu.

Baraza na ngazi. Njia ya mteremko inataka urefu mara 12 ya kimo. Kizingiti cha sm 20 ni mteremko wa m 2.4, unawezekana. Lakini nyumba nyingi za Ngamiani baraza ina sm 45, hapo unahitaji m 5.4 na utakuwa umeshaingia barabarani. Watu wanajenga mteremko mfupi mkali hivyohivyo, na mzee anateleza nao kwenda mbele. Kama hakuna nafasi na mzee anatembea, jenga ngazi mbili za kati: kila hatua kimo sm 15, upana wa kukanyaga sm 30 hadi 35, na mshikio upande wa mkono wake wenye nguvu. Paka mstari mweupe kwenye ukingo wa kila ngazi, mwenye macho hafifu anauona.

Choo. Hapa ndipo watu wanapovunjika nyonga. Choo cha kuchuchumaa hakihitaji kubomolewa. Tengeneza kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kimo sm 43 hadi 45, miguu minne iliyopanuka chini, na *mikono ya kiti* sm 20 hivi juu ya kikalio. Chini ya tundu funga ndoo ya lita 20 iliyokatwa kitako ili uchafu uelekee shimoni usirukie miguu. Kama kuna chumba cha nyuma chenye giza, taa ndogo ya sola njia nzima kutoka kitandani.

Kosa la mafundi wenzangu: kuchimba nguzo za kushikia kwenye zege la juu ya shimo la choo. Zege linapasuka. Ndiyo maana nasema mikono iwe kwenye kiti chenyewe. Ukitaka mshikio wa ukutani, ukuta uwe wa tofali la saruji, boliti ipite ukuta mzima na bamba la chuma upande wa nje. Ukuta wa udongo na miti usijaribu, siku mzee anautegemea ndiyo siku unang'oka.

Bomba tumia la mabati la inchi moja, linashikika vizuri kiganjani. Na hapa Tanga upepo wa chumvi haukusamehe: unapochomelea, zinki inaungua palepale pa kuunga na kutu inaanzia hapo. Kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha ya mafuta. Sakafu msipige niru (saruji ya kulainisha juu) ikang'aa. Ipigwe mistari ya ufagio ikiwa mbichi.

Mkongojo. Asimame wima na viatu anavyovaa, mkono uning'inie. Kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Ncha ifungwe raba. Unashikwa mkono wa upande *mwingine* na mguu unaouma, karibu kila mtu anaushika kinyume.

Kitanda cha kamba kilichobonyea nacho kikazwe. Kimo sm 45 hadi 50 ili miguu ifike chini akikaa ukingoni.

---

MjumbeMstaafu

Majibu mazuri ila mmeruka ngazi. Msizunguke nyumba za watu kabla ya kumwona mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na baraza la wazee la mtaa. Baraza lipo kisera tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, hata kama kwenu limelala. Kikundi chenyewe kisajiliwe halmashauri kupitia maendeleo ya jamii. Bila hivyo siku mtakapokuta mzee anapigwa, hamtakuwa na mlango wa kugonga.

Na mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri msiitegemee. Mgawo wake ni asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wazee kama wazee hawana fungu. Kikundi cha wanawake kinaweza kukopa kwa biashara ya wanachama, si kwa kugharamia ziara.

---

MdauUstawi

Sawa mzee wangu, utaratibu ufuatwe. Ila tahadhari moja: orodha ya baraza isiwe ndiyo orodha ya mwisho. Mabaraza mengi yana wanaume wanaotembea. Bibi asiyeona wa chumba cha nyuma hana mjumbe humo. Itumieni kama mwanzo, kisha nyumba kwa nyumba.

---

BintiNgamiani

Ahsanteni sana, shikamooni wakubwa. Nina mambo mawili magumu nimeyaona tayari.

Kwanza, kuna babu alikuja zamani kutoka Kigoma kufanya kazi ya mkonge, hana ndugu hapa. Siku hizi anachanganyikiwa, anasema Kiha, na majirani wanasema "ana mambo". Pili, kuna bibi ambaye kijana wake hataki tuonane naye peke yake, na tunasikia nyumba inatafutiwa mnunuzi.

Pia, vitambulisho vya matibabu bure vinapatikanaje?

---

ZamuYaUsiku

Kwa babu, swali la kwanza: ameanza lini? Kama ni ghafla, siku au wiki moja, mpelekeni kituo leo. Malaria, maambukizi ya mkojo, kuishiwa maji mwilini, sukari kushuka au dawa mpya vinamvuruga mzee namna hiyo, na vinatibika. Kama ni taratibu kwa miezi na miaka, huenda ni ugonjwa wa kusahau. Si mapepo na si kurogwa. Wekeni hilo wazi kwa majirani mapema, kabla maneno hayajawa makubwa.

Kiha hicho si dalili ya wazimu. Ugonjwa huu hufuta mambo ya karibuni kwanza, na lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutoka kabla ya ile ya utotoni. Mtafuteni Muha mmoja, hata wa kumpigia simu mara mbili kwa wiki. Kwenye kambi za mkonge za Pongwe na Amboni walikuja watu wa makabila mengi, hamtamkosa. Mwacheni Muha huyo aulize yale maswali manne ya ziara ya pili, maana majibu ya babu kwa Kiswahili sasa hayana uzito uleule.

Nyumbani kwake: vitu visihamishwe mahali, anayekuja awe yuleyule na saa ileile, swali moja kwa wakati. Akisema anakwenda kazini kukata mkonge msibishane. Muulizeni kuhusu kazi hiyo, tembeeni naye kidogo, rudini. Jiko la mkaa lisiachwe kwake peke yake. Mfukoni awe na karatasi yenye jina la mtaa na namba ya simu ya kikundi.

---

MjumbeMstaafu

La bibi. Msimvamie kijana, mtafungiwa mlango na bibi ndiye atakayelipa. Mpeni sababu ya kawaida: mama mmoja aende kumsuka au kumpaka hina, kijana hawezi kukaa hapo. Huko ndani aulizwe kwa upole: ametia dole gumba kwenye karatasi gani? Alisomewa? Anataka kuuza? Akisema anataka, ni mali yake, na huo nao ni uamuzi wake. Akisema hakujua, au anaogopa, afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na mtendaji ajulishwe ili asigonge muhuri kwenye mauziano. Kukiwa na kipigo au kunyimwa chakula, dawati la jinsia na watoto la polisi linapokea pia kesi za watu wazima.

Msitatue kwa kikao cha mtaa. Bibi hatasema kitu mbele ya watu.

---

MdauUstawi

Vitambulisho: msamaha ni kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, si kila mwenye 60. Utambuzi unaanzia serikali ya mtaa. Andaeni barua ya mtendaji, picha ndogo, na chochote kinachoonyesha umri (kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo). Mpeleke majina kwa pamoja kupitia afisa ustawi, msimtume mzee mmoja mmoja. Kwa asiyetoka ndani, omba mpiga picha aje nyumbani, simu inatosha kama ukuta wa nyuma ni mtupu.

Wazee wa kilimo na mkonge vidole vimesuguka, mashine za alama za vidole zinawakataa. Kabla ya kwenda, mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kupakwa mafuta kidogo, kisha ifutwe. Ijaribiwe vidole vyote, kisha waombe utaratibu wa mbadala, msikubali "rudi kesho".

Kitambulisho kipo lakini dawa hakuna? Hilo mtalikuta sana. Mfuko wenu mdogo uelekezeni huko na kwenye bajaji, kabla ya sukari ya Idi. Mwombeni daktari aandike jina halisi la dawa, si la kampuni, mtapata ya bei nafuu duka la dawa.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, haiandikishi mtu anayejipeleka. Walengwa hutambuliwa mtaani utaratibu unapopita. Hakikisheni tu wale wa ndani wanatajwa siku hiyo.

Mwisho, karatasi zenu. Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, zinataka ridhaa ya maandishi. Asiyejua kusoma asomewe, atie dole, shahidi awepo. Faili moja, kabati lenye kufuli, mtu mmoja mwenye ufunguo. Picha za mzee akipokea ndoo zisipande kwenye grupu la WhatsApp.

---

BintiNgamiani

Nimenakili yote. Swali dogo la mwisho: siku ya kukutana wote mara moja kwa mwezi, ni wazo zuri?

---

Fundi_Chumbageni

Zuri kama mahali hapana ngazi za kupanda, kuna choo chenye kiti, na viti vina mikono. Kwenye mkeka nusu yao hawatainuka. Saa nne asubuhi hadi saa sita, kabla ya jua kali na adhuhuri.

---

ZamuYaUsiku

Na waulizeni kwanza kama wanaitaka. Wengine wanataka bao na kahawa barazani kwao na wenzao watatu tu, basi hao wapelekeeni kashata na wachezaji.